Muulize Fundi: Saa ya Baba Inalala Kabatini

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na habari moja: vifaa vya kupima afya vinavyovaliwa mwilini. Nimechagua nne. Ile ya kijana wa Tandahimba nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndani yake kuna kazi ya mikono, na kazi ya mikono inastahili majibu kamili. Kwa msomaji mpya, mimi ni mama wa makamo. Nimefanya ufundi wa vifaa tiba katika mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, karibu maisha yangu yote ya kazi. Kabla ya hapo nililelewa chini ya meza ya cherehani ya mama yangu, Mikindani. Nikijibu habari za vifaa vya kuvaa, cherehani ile inasema pamoja nami.

*

Shikamoo Fundi. Nilimnunulia baba saa ya kupima mapigo ya moyo na hatua. Ana miaka 71, presha inamsumbua, anaishi Mikindani na mjukuu mmoja. Nilitaka niwe nayaona mapigo yake kwenye simu yangu nikiwa huku Chuno. Wiki ya kwanza aliivaa. Sasa kila nikienda naikuta kabatini, pembeni ya tasbihi. Nikimuuliza anasema, "Nimeivua tu, mwanangu." Je, nimkalie kooni? — Binti yake, Mtwara

Marahaba, mwanangu. Usimkalie kooni. Kwanza hesabu pamoja nami. Alfajiri anatawadha, adhuhuri anatawadha, halafu alasiri, magharibi na isha. Udhu unataka maji yapite mkononi hadi kwenye kiwiko, kwa hiyo saa lazima itoke. Hapo ni kuvua mara tano na kuvaa mara tano kwa siku, kwa vidole vya mzee wa miaka 71, kwenye mkanda wenye vitundu vidogo. Akiirudisha mkono ukiwa bado na maji, mpira unayafungia ndani. Hewa yetu ya pwani yenyewe imeloa. Maji yaliyo chini ya mpira hayana pa kwenda. Ngozi inalainika na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua, kisha harara zinatoka. Mzee hawezi kumpigia binti yake simu kumsimulia harara. Anaivua tu.

Aliyebuni saa ile alimfikiria mtu anayeivua mara moja usiku ili aichaji. Baba yako hakuwemo kichwani mwake. Nalisema hili bila hasira, ila nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona vifaa vya gharama vikilala makabatini tangu Kilwa hadi Newala, na kila mara anayelaumiwa ni mgonjwa.

Tafuta kihisi, yaani kifaa kinachosoma mapigo kwa mwanga, cha kufungwa mkono wa juu, kati ya kiwiko na bega, chenye mkanda wa kitambaa laini. Kazi yake ni ile ile ya saa, ila maji ya udhu hayafiki huko. Pana nyama, na mifupa haiko juu juu kama kwenye kifundo cha mkono. Mwaka 1998, Francine Gemperle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliupitia mwili mzima wakitafuta mahali ambapo kitu kigumu kinaweza kukaa bila kumsumbua mtu. Walitaka sehemu isiyotofautiana sana kwa ukubwa kati ya mtu mzima na mtu mzima, isiyojikunja sana hata mtu akijongea, na yenye upana wa kutosha. Nyuma ya mkono wa juu ilikuwa mojawapo ya sehemu walizozichagua. Kanzu ya baba yako ina mikono mipana. Hakuna atakayejua kwamba amevaa kitu. Wakati wa kuoga atauvua, hiyo haina budi, lakini zile mara tano za kila siku zimeondoka.

Kama atabaki na saa hiyo hiyo, mbadilishie mkanda wa mpira, umwekee wa kitambaa kilichofumwa kwa uwazi, unaofungwa kwa ile nata ya viatu vya watoto. Mwambie aivae kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, na akaushe mkono kwanza. Umwangalie na ngozi. Ukiona wekundu wenye umbo la saa yenyewe, huenda ni nikeli ya chuma au gundi iliyotumika ndani. Mwaka 2014, kampuni moja ya Marekani iliziita zirudi saa za aina hii zipatazo milioni moja kwa sababu ziliwatoa watu vipele. Kwa hiyo baba yako hajidekezi.

Sasa yale mawili ambayo hukuyauliza. La kwanza, mapigo si presha. Saa inaweza kukuambia moyo umepiga mara 74 kwa dakika na presha ikawa juu kupita kiasi. Kwa ajili ya presha mnunulie mashine ya kufunga mkono wa juu inayojaa upepo, mjukuu ampime asubuhi mzee akiwa ametulia, na waandike kwenye daftari. La pili ni zito zaidi: je, ulimwambia baba kwamba unayaona mapigo yake kwenye simu yako? Alikubali, au ulimfunga saa mkononi siku ya Idi akakushukuru? Mzee aliyeendesha nyumba yake maisha yote anaweza kuvua kitu kwa sababu anahisi anachungwa. Kaa naye barazani, umwonyeshe simu, umwambie unachokiona, na umuulize kipi hataki ukione.

Hatua usimdai. Ndani ya saa mna chipu ndogo inayohisi mtikisiko, basi. Mwanamke akitwanga anahesabiwa hatua ambazo hakutembea. Akirudi kisimani ameshika ndoo kichwani kwa mkono huo huo, baadhi ya hatua zake zinapotea. Zile hatua 10,000 wanazozitaja watu zilitoka kwenye jina la kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Mzee akienda msikitini na kurudi kwa miguu mara tano, ametembea.

*

Habari za kazi, Fundi. Tulikuwa na harusi ya mdogo wangu, Shangani. Siku ya tatu bibi harusi akashikwa na homa, tukampeleka zahanati. Kile kifaa cha kubana kidole, cha kupima oksijeni, kikagoma kusoma. Muuguzi akajaribu kidole cha mguu, kikagoma pia, mwishowe akabana ncha ya sikio kikasoma. Ni ile piko tuliyompaka vidoleni? Na hii taa ya kijani chini ya saa yangu, haiunguzi ngozi? — Dada wa bibi harusi

Muuguzi huyo anaijua kazi yake, mfikishie salamu zangu. Ndiyo, ni piko. Kifaa kile hupitisha mwanga mwekundu, na mwingine usioonekana kwa macho, ndani ya kidole, kisha hupima kiasi gani kimetokea upande wa pili. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo hazimezi mwanga huo kwa kiasi kimoja. Njia hiyo ilibuniwa na mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Piko nyeusi kwenye ncha za vidole ni sawa na kufunga dirisha. Hina nyekundu haisumbui kiasi hicho. Ukitaka kujipamba na unajua utahitaji kipimo, acha kidole kimoja bila rangi.

Taa ya kijani haiunguzi. Ni taa dhaifu, na ngozi inayowasha chini yake kwa kawaida inawashwa na jasho na mkanda. Ila nikae kidogo kwenye huo ukijani. Ngozi yetu ni nyeusi kwa sababu ya melanini, na melanini hufyonza mwanga wa kijani kuliko mwekundu. Saa inalazimika kuongeza nguvu ya taa ili ipate jibu lile lile. Mtengenezaji akiwa ameijaribu kwa watu weupe tu, kwetu itayumba. Hata kifaa cha kidole kina kasoro hii: Desemba 2020, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliandika kwamba upungufu wa oksijeni ulifichika machoni pa kifaa hicho kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa wazungu. Muuguzi akiona mtu anahema kwa shida na kifaa kinasema hali ni nzuri, amwamini mgonjwa. Na kwa bibi zetu wa Kimakonde wenye chale zilizosuguliwa mkaa mikononi, usikiweke kihisi juu ya chale. Sogea pembeni, penye ngozi tupu.

*

Shikamoo Fundi. Nasoma ufundi wa elektroniki, kwetu ni Tandahimba. Wajomba zangu hupuliza salfa ya unga kwenye mikorosho ya watu, tangu alfajiri umande ukiwa bado upo, mashine mgongoni, pua wamefunga, koti la mvua juu. Mwaka jana mmoja alianguka shambani. Nimetengeneza mkanda wa kifuani: lastiki ya sentimita 4, elektrodi mbili (vipande vya kupokea umeme wa moyo kwenye ngozi) za uzi uliopakwa fedha, na kiboksi cha plastiki katikati ya kifua chenye betri na kihisi cha mtikisiko. Lengo ni kiwaonye kwa mlio mapigo yakizidi. Dakika kumi za mwanzo mapigo yanaruka hadi 220, halafu yanatulia. Hatua zinahesabiwa hata mtu akiwa amesimama. Waya zinakatika penye lehemu. Baada ya wiki tatu uzi wa fedha ukawa mweusi, na mkanda haukusoma tena. Pia wajomba hawaupendi, wanauvua baada ya saa mbili. Nianzie wapi? — Mwanafunzi

Marahaba, mwanangu. Anzia ulipomalizia. Wajomba umewaweka mwisho wa barua, na mimi nawaleta mbele.

Siku utakayorudi nyumbani, wavishe mkanda kwa muda wa saa mbili, kisha waombe wavue shati uwaangalie kifua. Ngozi itakuandikia kila kitu. Alama nyekundu yenye pembe nne katikati ya kifua ni kiboksi chako kilichokaa juu ya mfupa usio na nyama; mtu akiinama kuwasha mashine, kinamchoma. Mstari mwembamba uliozama ni lastiki iliyojiviringisha: ya sentimita 4 ikijikunja inakuwa kamba ya sentimita 1, na mzigo wote unakaa kwenye kamba hiyo. Vipele vilivyotapakaa kotekote ni jasho na unga wa salfa vilivyofungiwa chini ya mkanda. Kila alama ina dawa yake.

Kiboksi kisogeze upande wa kushoto, chini ya titi, kwenye mbavu zenye nyama kidogo. Kiwe bapa, pembe uzipige tupa zote ziwe duara, na mgongo wake uwe na mpindo mdogo kama kipande cha kifuu. Lastiki ishonee kitambaa cha pamba cha fulana upande wa ndani, kipana kuliko lastiki yenyewe, isijiviringishe. Mama yangu alipokuwa akishona nguo za vichanga aliigeuza mishono yote nje, na vifundo vya uzi akaviacha upande wa dunia. Alisema mtoto hawezi kukwambia kinachomkera. Mwanamume mzima wa Tandahimba naye hakwambii, anaona haya. Geuza mishono nje. Na unapopima, usipime kifua kilichotoa pumzi. Mwambie avute hewa hadi mwisho, pima hapo, na hakikisha vidole viwili vinapita chini ya mkanda.

Kisha waulize, kwa utaratibu. James Knight na Chris Baber wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mwaka 2005 walichapisha njia ya kupima raha ya kifaa cha kuvaa. Mvaaji anatoa alama kwa mambo sita: anaonaje haya au fahari mbele za watu, anakihisi kiasi gani mwilini, kinamuumiza kiasi gani, kimembadilisha kiasi gani, kinamzuia kujongea kiasi gani, na kinamtia wasiwasi kiasi gani. Tafsiri kwa maneno ya nyumbani, hata kwa Kimakonde. Fanya hivyo mara tatu: wakiwa wamekaa, baada ya saa moja, na baada ya saa tatu wakiwa na mashine mgongoni. Utashangaa jinsi alama za saa ya tatu zinavyokataana na zile za saa ya kwanza. Kifaa cha kuvaa hakipimwi mezani.

Sasa umeme. Mapigo kuruka mwanzoni: elektrodi zako ni kavu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alipoandika umeme wa moyo, mgonjwa alikaa ametumbukiza mikono miwili na mguu mmoja kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Ngozi kavu ni ukuta. Chumvi na maji ndiyo mlango. Wajomba zako wakianza kutoka jasho, mlango unafunguka, ndiyo maana baada ya dakika kumi unaona utulivu. Walowanishe elektrodi kwa maji kidogo kabla ya kuvaa, hakuna haja ya jeli. Lakini jasho likizidi linatapakaa na kuziunganisha elektrodi mbili, umeme unapita njia ya mkato juu ya ngozi na mkanda haupati kitu. Kati yake weka kipande cha kitambaa kisichonyonya maji, kama cha mwavuli, upana wa vidole vinne.

Weusi wa uzi: hapo barua yako ilinigusa, kwa sababu kosa hilo mtu wa Leiden au Birmingham asingeliona. Fedha na salfa hazikai pamoja. Bangili ya fedha ya bibi ikikaa karibu na salfa inakuwa nyeusi, na huo weusi haupitishi umeme vizuri. Wewe umeivisha fedha ukaipeleka kwenye mawingu ya salfa, tena ikiwa imelowa jasho. Nyuzi za fedha ziache kwa watu wa ofisini. Tumia mpira wenye kaboni ndani yake, unaopitisha umeme, au uzi wa chuma kisichoshika kutu. Havitasoma kwa usafi kama fedha mpya, lakini vitasoma wiki ya kumi. Mkanda uvaliwe chini ya fulana yenye shingo iliyofunga, ufuliwe kila siku kwa sabuni ya kipande, uanikwe kivulini. Jiki usiiguse.

Hatua za mtu aliyesimama: huo ni mtikisiko wa injini. Mtu anayetembea hutikisika mara moja hadi tatu kwa sekunde. Injini ya mizunguko 6,000 kwa dakika inatikisika mara 100 kwa sekunde. Kihisi chako kikiangalia mara 25 tu kwa sekunde, kinaukosa mtikisiko mwingi katikati, na kinachobaki kinafanana na mwendo wa polepole. Umewahi kuona kwenye televisheni gurudumu la gari linazunguka kinyumenyume wakati gari linakwenda mbele? Ndiyo hiyo. Chipu nyingi za mtikisiko zina kichujio ndani yake. Kiwashe kikate mitikisiko ya kasi kabla ya kusoma, usingoje kuchuja baadaye kwenye programu. Chini ya kiboksi tia sponji nyembamba.

Waya: kwa nini lastiki ya suruali inavutika na uzi wake haukatiki? Kwa sababu fundi ameishona zigizaga. Uzi una akiba ya urefu. Ngozi ya mtu inaweza kuvutika hadi asilimia 30 kwenye maungio, na waya ulionyooka hauna akiba hiyo. Mwaka 2011, kikundi cha John Rogers, akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, kilionyesha vihisi vyembamba mno vinavyokaa juu ya ngozi kama karatasi ya picha ya kubandika, na waya zake zilipita kwa mapindo ya nyoka. Nilipoziona picha zile nilimkumbuka mama na mguu wa cherehani yake. Laza waya wako kwa zigizaga juu ya lastiki, uushone, na pale penye lehemu zungushia gundi laini ya silikoni ili mkunjo usianzie hapo.

Mlio wa onyo sasa, kwani hapa nina hofu. Mtu mwenye injini mgongoni hasikii mlio. Ukiweka mtetemo, hautofautishi na mtetemo wa mashine. Ukiweka taa kifuani, imefunikwa na koti. Onyo limwendee mwenzake: wapulizaji wengi huenda wawili, mmoja mashine na mwingine anachanganya na kubeba. Taa nyekundu juu ya begi la mashine, nyuma, inayoonekana na anayefuata. Kiwango cha onyo usikitoe kitabuni. Kila mjomba mpime akiwa amepumzika, mpime akiwa kazini siku ambayo ana nguvu, na uanzie hapo.

Pia mkanda wako usiwe kibali. Yule aliyeanguka alianguka ndani ya koti la mvua ambalo haliruhusu jasho kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Maji ya kunywa, kupumzika kivulini na kuvua koti kila baada ya matangi machache vinakuja kabla ya kihisi chochote. Mwenye shamba akisema "taa haijawaka, endelea", uzime mkanda huo na uuweke mfukoni.

Usikate tamaa kwa uzito wa kiboksi. Norman Holter wa Montana, Marekani, alipoanza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuandika mapigo ya moyo ya mtu anayetembea, chombo chake kilibebwa mgongoni na kilikaribia kilo 38. Wajomba zako wangekijua mara moja.

*

Fundi, salaam. Mwanangu ana miaka 15, ana kisukari tangu mdogo. Ndugu yetu aliye nje hututumia vile vibandiko vya mkono vya kupima sukari vya siku 14. Kwake havifiki siku ya tano, anacheza mpira sana. Mara ya mwisho nilizungushia plasta kubwa nikaivuta ikaze, akatoka malengelenge. Na usiku kinalia kwamba sukari imeshuka mno. Tukimtoboa kidole, iko sawa. Tukiache? — Mama, Lindi

Msikiache, dada yangu. Malengelenge hayo nayajua kwa jina, kwani nami nimewahi kuyasababisha.

Miaka mingi iliyopita nilimfunga mwanamke mmoja mashine ya kuandika mapigo kwa saa 24. Nilikuwa najivunia kazi safi: plasta nilizivuta zikanyooka, nikazibandika zikiwa zimekaza. Alirudi kesho yake macho mekundu. Saa mbili usiku ngozi ilianza kumuunguza, akavumilia hadi usiku wa manane, kisha akazitoa zote. Karatasi ilikuwa tupu kuanzia hapo, na chini ya kila plasta, pembezoni, palikuwa na malengelenge. Nilidhani ni mzio. Daktari wa ngozi ndiye aliyenieleza: plasta iliyovutwa inataka kurudi kwenye urefu wake, na inarudi pamoja na ngozi. Hadi leo namwona mama yule amekaa kwenye benchi, akiniomba mimi radhi.

Kwa hiyo plasta ilaze, usiivute. Ipumzike juu ya ngozi kama karatasi juu ya meza, kisha uisugue kwa kiganja dakika moja ipate joto na kushika. Kata pembe ziwe duara, pembe kali ndizo zinazoanza kufunguka. Kibandiko kikiwa na tundu dogo katikati, usilizibe. Kabla ya kubandika osha mkono kwa sabuni isiyo na mafuta, ukaushe, usubiri. Siku hiyo mafuta ya nazi yasiguse mkono huo. Bandika jioni baada ya mechi, usiku mzima gundi ishike kabla ya jasho. Weka nyuma ya mkono wa juu, upande wa nyama, mbali na mkunjo wa bega, na kila mara ubadilishe mkono.

Kulia usiku: mtoto analalia mkono huo. Kile kisindano laini hakipo ndani ya mshipa, kipo kwenye majimaji ya chini ya ngozi. Ukipabana, majimaji yanasukumwa na kifaa kinaona sukari ndogo kuliko iliyopo. Mgeuze ubavu, subirini robo saa. Lakini kila kikilia toboeni kidole, msikisie, maana ipo siku kitakuwa kinasema kweli. Na mchana akitoka uwanjani mkumbuke kwamba majimaji hayo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Akitetemeka na kutoka jasho baridi, kidole kwanza, hata kama simu inaonyesha namba nzuri.

Siku ya kukitoa ndipo mafuta ya nazi yana kazi. Yapake pembezoni, ngoja dakika tano, kisha anza ukingo mmoja, ukirudisha plasta juu yake yenyewe, taratibu, huku kidole cha mkono wa pili kimeikandamiza ngozi nyuma yake. Aoge, na mahali hapo papumzike wiki mbili kabla ya kubandikwa tena.